Fundi na Springi za Baba Ester

Ukimuuliza Fundi kama lori limepona, hakukujibu "tayari." Alikujibu "kwa sasa." Miaka yote niliyomjua pale Makambako sikumsikia akilitamka neno tayari, hata kwa chakula. Mkewe akimwambia ugali tayari, alinawa mikono, akaketi, kisha akachungulia chungu kwanza. Madereva walimfanyia mzaha. Walipita barabarani wakimpigia kelele, "Fundi, u mzima?" naye akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana, alijibu, "Kwa sasa!" Wao walicheka. Mimi sikucheka sana, maana mume wangu alikuwa mmoja wao, na mwanamke ambaye mumewe anateremka na lori milimani hapendi kusikia kwamba breki zimepona kwa sasa.

Alizaliwa wapi na babu yake aliitwa nani, sitaeleza. Watu wa Mdandu walidai ni wao, watu wa Matamba walidai ni wao, na yeye aliwaacha wadai. Alikuwa mrefu, amepinda mabega kwa kuinamia injini, na hakuvua kabuti lake la jeshi mvua wala jua. Upepo wa Makambako mnaujua. Yeye alisema kabuti lile si kwa ajili ya upepo, ni kwa ajili ya mifuko. Humo alitia nati, vipande vya mpira, kisu, muhindi wa kuchoma, na nyundo ndogo yenye mpini wa mti wa mtunda.

Nyundo ile ilikuwa sikio lake. Lori likiingia karakana ya mwenye malori, Mhindi mmoja kijana aliyerithi biashara kwa baba yake, Fundi hakuanza na injini. Aligonga springi, jani moja baada ya jingine, kichwa amekiinamisha. Wasiozijua, springi za wakati ule zilikuwa bapa za chuma, ndefu na fupi, zimepangwa juu kwa juu na kukazwa pamoja, na kila bapa tuliliita jani. Aligonga, akasikiliza, akaguna. "Chuma huchoka kama mtu," alikuwa akisema, "ila mtu hulalamika." Basi akikuta jani lenye sauti asiyoipenda, alilitoa, hata kama halina ufa wowote unaoonekana, na mwenye malori apige kelele mpaka achoke.

Nikisema alikuwa mwoga nitakuwa nimesema kweli na nimemsingizia pia. Baiskeli yake haikuwa na breki. Aliteremka nayo kutoka kanisani, soli ya kiatu ameikandamiza kwenye tairi la mbele, kabuti linapepea nyuma, kuku na wazee wa kanisa wakimkimbia. Baba Ester, mume wangu, alimwambia mara nyingi, "Fundi, wewe unawafungia watu breki, yako huifungi?" Alijibu, "Ya nini? Juu yake niko mimi peke yangu." Lakini mtoto wa jirani akipanda mti wa peasi, Fundi aliacha kazi akaenda kusimama chini ya mti ule mikono wazi, na hakuondoka mpaka mtoto ameshuka. Uoga wake wote alikuwa ameutunza kwa ajili ya watu wengine.

Kuhusu ulanzi, pombe ya mwanzi, sitamficha. Msimu wa mvua, mianzi ikianza kutoa, alikuwa wa kwanza kuonja asubuhi, na alikuwa mzee wa kanisa vilevile. Mchungaji alipomgusia alisema ule wa asubuhi ni mtamu tu, ni maji ya mwanzi, Mungu ndiye aliyeyapika. Mchungaji alimuuliza na ule wa jioni je? Fundi akasema, "Ule wa jioni ni ule wa asubuhi, mchungaji. Umechelewa tu." Kanisa zima lilijua habari hii kabla ya Jumapili.

Kazi yake nyingine ndiyo iliyonigombanisha naye. Kwa kuwa alikuwa na msumeno na misumari, usharika ulimpa kazi ya majeneza. Mtu akifariki, Fundi alikuja na fito ya mwanzi, akamlazia fito ubavuni, akaikata kwa urefu wa marehemu, akatoka nayo ameibana kwapani bila kuongea na mtu. Akionekana anapita na fito, wanawake walishusha mizigo na kuulizana ni nyumba gani. Kwetu, mtu aliye hai hapimwi urefu, basi. Mshonaji mwenyewe, anapokupimia suruali, anakuambia kwanza, "Ni nguo tu, baba," ndipo anakushika mguu.

Sasa gari. Walowezi wa Njombe na wafanyabiashara wao walikuwa na mchezo wao wakati wa kiangazi, nyasi zikishafyekwa kwenye kiwanja cha ndege. Walipanga mapipa pembeni, wakazunguka na magari yaliyokatwa mapaa na milango, wakivumbisha na kupiga mayowe. Hakuna aliyelipwa. Ilikuwa raha yao. Mwenye malori naye akatamani. Akachukua gari dogo lililokuwa limeanguka Igawa, akamwambia Fundi alikate libaki mifupa, injini na kiti kimoja. Yeye mwenyewe hakuona vizuri bila miwani, na miwani ilimruka kila aliposhika kasi, kwa hiyo akamwambia Baba Ester, "Wewe utaendesha." Wazungu walinung'unika, halafu wakakubali, labda kwa kutaka kuona kichekesho.

Mume wangu alifurahi kama aliyepewa ng'ombe. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kifua na shingo, mcheshi, asiyejua kuogopa kitu chochote chenye usukani. Ester alikuwa bado ananyonya. Nilijiona tayari nikirudi kwa baba yangu na mtoto mgongoni.

Fundi alizifunga kwanza springi ngumu. Ndivyo mwenye malori alivyotaka, na ndivyo Baba Ester alivyotaka, maana akili ya dereva wa lori ni moja: likilegea, ongeza jani. Wakaenda kulijaribu kwenye uwanda nyuma ya stoo za mahindi. Nilikwenda kuangalia na afadhali nisingekwenda. Kila lilipogusa kichuguu kilichosawazishwa, gari liliruka likawa hewani, magurudumu yote hayashiki kitu, na usukani wakati huo ni pambo tu. Baba Ester alirudi mdomo umepasuka, anacheka. Fundi hakucheka. Alitoa majani karibu nusu, akajaza springi laini. Safari hii halikuruka. Lakini kwenye kona ya pipa lililala upande mpaka bodi ikasaga tairi, moshi ukatoka, na nikasikia watu wakisema "Yesu" kabla sijajua kwamba na mimi nimesema.

"Ngumu inamrusha," Fundi aliniambia tukirudi, "laini inamlaza."

"Basi mwambie aache!"

"Nimemwambia. Ameniuliza kama ninamwonea wivu."

Nilimuuliza kwa nini, yeye aliyefunga springi za malori yote ya nchi hii, ameshindwa na kidubwana kile. Akasimama kabisa barabarani. "Mama Ester, lori halimjui dereva wake. Lina tani za mahindi, mtu mmoja atakuwa nini? Hili ni jepesi, hili litamjua. Akikaa, linashuka. Akiegemea, linaegemea. Sichagui springi za gari, ninachagua springi za Baba Ester. Na siujui uzito wake."

Nilipaswa kuelewa hapo. Lakini kesho yake asubuhi ninapepeta mahindi uani, namwona Fundi anaingia langoni na fito ya mwanzi kwapani.

"Kamwene, Mama Ester."

Sikuitikia. Nilimuuliza anataka nini na fito ile nyumbani kwangu.

"Nimpime Baba Ester akiwa ameketi. Nijue uzito wake unakaa juu au chini. Halafu aje dukani kwa mwenye malori, apande kwenye mzani wa magunia ya pareto."

Nikaitoa ile fito kwapani kwake, nikaivunja kwa goti mara mbili, nikaitupa jikoni. Nikamuuliza fito hiyo imewalalia wafu wangapi, na wewe mzee wa kanisa huoni haya. Nikamwambia mume wangu si gunia. Nilisema na mengine kuhusu mama yake, yasiyo na msingi. Baba Ester alitoka ndani na sabuni usoni akabaki amesimama. Fundi alivua kofia, akasema, "Samahani, mama. Nilichukua fito iliyokuwa karibu," akaondoka. Na mimi ninaamini hadi leo kwamba ilikuwa hivyo, ilikuwa karibu tu.

Baada ya hapo Baba Ester naye akakataa kupimwa. Alijifanya ni kwa ajili yangu, lakini nilimwona alivyoitazama jikoni ile fito ikiungua.

Jumapili, ibada ilipokwisha, Fundi alilisukuma gari mpaka mbele ya kanisa, akaanza kuwaomba watu wenye miili waketi ndani, mmoja mmoja, huku yeye amelala chini anatazama springi. Katika usharika wetu waliofanana na Baba Ester hawakuwa wengi. Kiongozi wa kwaya ya akina mama, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuezua paa, ndiye aliyemkaribia, akapandishwa na vitenge vyake na kitabu cha nyimbo, na kwaya nzima ikaimba kumsindikiza. Tulicheka mpaka machozi. Hata mimi nilicheka, nikiwa na hasira zangu. Fundi alitoka chini ya gari, akajipangusa, akanifuata pembeni.

"Haifai," akasema. "Mama yule uzito wake uko kwenye nyonga. Baba Ester wake uko mabegani. Kwenye kona si kitu kimoja." Akaligeukia gari. "Itabidi nikisie."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Mtu aliyechungulia chungu cha mkewe mwenyewe, leo anakisia, na kinachokisiwa ni mume wangu. Nilikaa nalo siku ile nzima. Nilimnyonyesha mtoto, nikasonga ugali, nikauunguza. Nikikataa apimwe, anakwenda kwenye mapipa yale na springi za kubahatisha. Nikikubali, nimempeleka mwenyewe kwenye fito. Nilimtazama anavyokula, mashavu yamejaa, hana habari, nikataka kumpiga.

Jibu lilinijia nikiwa ninamfunga Ester mgongoni. Maiti hupimwa peke yake. Sijapata kusikia, kwa Wabena wala kwa Wakinga, maiti aliyepimwa pamoja na mkewe.

Nikamshika Baba Ester mkono, nikampeleka dukani kwa mwenye malori, Fundi akaitwa. Nikamwambia, "Tutapanda wote, mimi na yeye na mtoto. Halafu mimi na mtoto tutapanda peke yetu. Hesabu ya kutoa unajua." Fundi alihesabu kwa vidole. Kisha akasema polepole, "Hiyo si kumpima. Hiyo ni kupima nyumba." Tukapanda kwenye mzani wa pareto, mimi nimemkumbatia mume wangu kiunoni mbele za watu, jambo ambalo nalo halifanywi, Ester akicheka mgongoni kwa sababu ubao ulikuwa ukicheza. Fundi alisogeza mawe ya mzani. Halafu akatuketisha kwenye benchi, bega kwa bega, akatutazama muda mrefu, bila fito wala kamba.

Alifanya kazi amejifungia. Alipofungua, gari lilikuwa na springi za mbele laini kuliko alivyotaka mwenye malori, za nyuma zimebakizwa majani zaidi, na katikati ya springi na chasisi alikuwa ameweka vipande vya mpira wa tairi, ili likishuka sana lisigonge chuma kwa chuma. Mwenye malori alisema mbele pamelegea. Fundi akasema, "Laini si legelege, bwana. Mkono wa mama ni laini, na mtoto haanguki."

"Kwa hiyo tayari?" nikamuuliza mimi, makusudi.

"Kwa sasa," akasema.

Siku yenyewe, Njombe iliamka na manyunyu, kiangazi katikati. Ukungu ulikaa juu ya miti ya miwati, kiwanja kikang'aa. Fundi alipoona nyasi zimelowa akawa mweupe midomo. Springi alikuwa amezichagua kwa ajili ya ardhi kavu. Alikimbilia gari na spana mkononi, lakini Baba Ester alishakaa, amevaa kofia ya ngozi ya kuazima, na bendera ilikuwa inainuliwa.

Hapo ndipo Fundi akageuka akaupa mchezo mgongo. Alishika waya wa uzio, akatazama miti. Mimi nilisimama kando yake nikitazama upande wa mchezo, kwa kuwa nisingeweza kutotazama.

"Niambie," akasema.

Magari yalipofika pipa la kwanza nikaona letu linainama.

"Limeinama."

"Limeinuka?"

"Limeinuka."

Akashusha pumzi. Ndivyo tulivyokwenda, mzunguko baada ya mzunguko, yeye anaiuliza miti na mimi ninamjibu. Pale palipokuwa na kichuguu gari la mbele yetu liliruka likatua upande, likapoteza njia, letu likapita limebonyea tu kama mtu anayemeza mate. Nilipiga kigelegele. Fundi akaniambia ninyamaze, niangalie kona. Nikaangalia. Gari lilifika pipa la mbali, nyuma ikateleza, ikateleza zaidi, likawa linatutazama ubavu mzima.

"Limeinama?"

"Limeinama."

"Limeinuka?"

Nilisikia waya wa uzio unalia mkononi mwake. "Mama Ester. Limeinuka?" Gari lilibaki vile, gurudumu la ndani limegusa nyasi kidogo tu, limeacha, limegusa tena. Kisha likakaa, likanyooka, likaendelea.

"Limeinuka," nikasema, na nikaketi chini kwenye maji.

Baba Ester hakushinda. Wazungu wawili walimpita. Alishuka uso wote matope, akamkumbatia Fundi, akasema, "Ongeza jani moja mbele, baba, mwakani tunawala!" Fundi alirudisha spana mfukoni mwa kabuti. Hakuligusa gari lile tena. Mwenye malori alimbembeleza, akamfokea, Fundi akabaki na malori yake, na kila msimu wa mchezo ukikaribia alipata safari ya ghafla kijijini. Mwishowe alihamia Matamba kabisa, juu huko kwenye baridi, kusiko na gari la kutengeneza. Siku ya kuaga alimwambia Baba Ester, "Kila ukitoka kwenye mchezo, zigonge usikilize. Sauti ikibadilika, tupa." Baba Ester alizigonga mara moja, akasema zote zinalia sawa, basi akaacha. Aliendesha misimu kadhaa kwa springi zilezile, mpaka mwenye malori alipoliuza gari. Nilikuwa ninakwenda kusimama pale uzioni kila mara, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Waliotoka Matamba walisema Fundi anafua majembe na bawaba za milango, na kwamba mtu akija kutoka Makambako yeye huingia ndani. Wengine waliona ni majivuno. Mimi sikujua nione nini.

Mara ya mwisho nilimwona bendera ya Mwingereza ikiwa bado bomani, ingawa kila mtu alikuwa anazungumza habari za kuishusha. Nilipanda Matamba na lori la mbao, sehemu ya mwisho nikatembea. Nilikuwa nimevaa nguo nyeusi. Alikuwa ameketi nje ya kibanda chake, kabuti lilelile, mzee sasa. Aliponiona hakuingia ndani. Nadhani miguu ilimkatalia. Aliitazama nguo yangu kuanzia kichwani mpaka chini, na sikuwahi kuona uso wa mtu unaporomoka vile.

"Kamwene, Fundi," nikasema.

Hakuitikia.

"Ni springi?" akaniuliza.

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa, nikaelewa na ile miaka yote, na wageni wa Makambako aliowakimbia.

"Hapana, Fundi. Gari liliuzwa zamani. Ni kifua. Alikohoa tangu masika, akafia kitandani kwake."

"Kitandani?"

"Kitandani."

"Asante," akasema, kwa sauti kubwa, kama mtu aliyetua mzigo. "Asante, Mungu, asante." Alikuwa anatabasamu. Kisha nikaona anasikia alichokisema, na anakumbuka ni habari gani niliyomletea. Akavua kofia. Akatamka jina la mume wangu, lile la ubatizo, ambalo hakuna aliyemwita nalo, akajifunika uso kwa kabuti na kuanza kumlilia. Niliweka mzigo wangu chini nikaketi karibu naye.